Kabla hujaenda kwenye mafunzo ya kutengeneza vekta za virusi

Vekta ya virusi ni kirusi kilichobadilishwa ili kibebe jeni ya tiba hadi ndani ya seli. Vituo vinavyofundisha kuitengeneza kwa vitendo si vingi duniani. Kuna BTEC ya Chuo Kikuu cha North Carolina State, mjini Raleigh, na NIBRT ya Dublin. Vyote viwili vimejengwa kwa mfano wa kiwanda halisi cha dawa. Kozi zenyewe huwa za siku chache na ada yake inauma, kwa hiyo usiende kujifunzia huko kushika pipeti. Naliandika hili kwa ajili ya wataalamu wa maabara wa kwetu, kwa sababu selimundu ni ugonjwa wetu, na Lyfgenia, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, hutengenezwa kwa vekta ya lentivirusi. Bei yake ni dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Nataka siku moja wawepo watu wetu wanaojua, kwa mikono yao, kwa nini inagharimu hivyo na wapi inaweza kupunguzwa.

Ukishapata nafasi, uliza kwanza ni vekta ipi itakayofundishwa. Mara nyingi ni AAV, kirusi kidogo mno ambacho ganda lake lina upana wa nanomita 25 hivi na hubeba takriban herufi 4,700 tu za DNA. Ganda hilo ni gumu, linavumilia misukosuko ya usafishaji. Lentivirusi, iliyotokana na VVU baada ya kuondolewa jeni za kuzaliana, hubeba karibu mara mbili ya hapo, lakini imevikwa utando wa mafuta unaoharibika upesi kwa joto, kwa chumvi nyingi, na kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Aliyezoea AAV akiishika lentivirusi kwa mkono uleule atapoteza sehemu kubwa ya mazao yake.

Uliza pia utafanya hatua zipi wewe mwenyewe, na mtakuwa wangapi kwenye bayoriakta (tangi la kukuzia seli) moja. Seli za HEK293, yaani seli za figo ya kijusi cha binadamu zinazotumika kuzalishia vekta, ambazo chanzo chake ni maabara ya Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, huchukua wiki kadhaa tangu kuyeyushwa hadi kufikia wingi wa kutosha. Zikishapewa plasimidi, yaani vipande vya DNA vya mviringo vyenye maelekezo ya kuunda vekta, zinahitaji siku mbili au tatu tena kabla ya kuvuna. Wiki moja haitoshi, kwa hiyo wakufunzi huandaa baadhi ya hatua mapema. Ukijua zipi hutazigusa, utazisoma kabla hujafika.

Hesabu ndiyo inayowaangusha wengi, hata wenye shahada za juu. Chukua Zolgensma, dawa ya AAV kwa watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli unaotokana na uti wa mgongo. Dozi yake ni 1.1 × 10¹⁴ kwa kila kilo ya mwili, ikihesabiwa kwa nakala za jeni. Mtoto wa kilo 10 anahitaji 1.1 × 10¹⁵. Tuseme lita moja ya seli imekupa 10¹⁴, na baada ya kuchuja na kusafisha umebaki na asilimia 30. Una 3 × 10¹³ kwa lita, maana yake unahitaji lita 37 hivi kwa mtoto mmoja tu. Fanya hesabu za namna hii kwa kalamu na karatasi mpaka vipeo visikutishe, pamoja na hesabu za kuzimua sampuli mara elfu na mara milioni. Kisha elewa kwamba PCR, kipimo kinachonakili DNA ili kuihesabu, inahesabu jeni, haihesabu maganda. Maganda mengi hutoka matupu, na mgonjwa akipewa hayo mwili wake unapambana nayo bila yeye kupata faida yoyote. Ndiyo maana siku nzima inaweza kuishia kwenye kutenganisha yaliyojaa na matupu.

Mikono nayo iandaliwe nyumbani. Kama maabara yenu ina kabati la usalama wa kibiolojia, fanya kazi ndani yake kila siku kwa wiki kadhaa, hata kama unahamisha maji tu. Angalia kama mkono wako unapita juu ya chupa iliyo wazi. Pima uzito wa maji uliyovuta kwa pipeti mara kumi mfululizo: ikiwa vipimo vinatofautiana sana, majibu yako ya PCR yatatofautiana vivyo hivyo.

Kwenye chumba safi hakuna vipodozi, pete, kucha za bandia wala saa. Wanaovaa hijabu waandike barua pepe mapema. Kofia ya chumba safi hufunika kichwa na shingo yote, na ni rahisi kupangiwa mahali pa faragha pa kubadilishia kuliko kuanza kubishana mlangoni. Utavaa suti bila kuiacha iguse sakafu, utavuka benchi mguu mmoja baada ya mwingine, na mwishoni utabonyeza vidole vyenye glavu juu ya sahani ya agari, chakula cha kuoteshea vijidudu. Kikiota kitu kwenye sahani hiyo, hujafuzu kuvaa. Mwenye ujauzito, kinga iliyoshuka au kidonda kibichi mkononi amweleze daktari wa kituo kabla ya kufika, hasa pakiwa na lentivirusi.

Jizoeze kuandika papo hapo unapotenda: kosa hukatwa kwa mstari mmoja, kando sahihi na tarehe, bila kufuta. Picha kwa kawaida haziruhusiwi, na karatasi za kawaida haziingii ndani, kwa hiyo kila jioni kaa uandike ulichokiona siku hiyo.

Na usibebe plasimidi wala seli kwenye begi wakati wa kurudi, hata ukipewa kwa nia njema. Ni lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha nchi unayorudi. Kwa Kenya, anza na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibiolojia, na uanze miezi kadhaa kabla ya safari.