Jinsi ya kupima hali ya hewa uani kwako Tanga, na kwanini tonado haishikiki kwa vipimo hivyo

Kila klipu ya tonado ya Marekani, ile nguzo ya upepo mkali unaozunguka toka winguni mpaka chini, ikizunguka WhatsApp, lazima atokee mtu wa Ngamiani aulize "na huku inakuja?", mwingine anamjibu kwa video ya kisulisuli cha vumbi uwanja wa mpira, basi mjadala unaharibika hapohapo. Ukitaka kuelewa tofauti ya hivyo viwili anza kupima mwenyewe. Vifaa sio ghali, ila watu wanaviweka ovyo afu wanalaumu kifaa.

Mvua ndio rahisi. Chukua chupa kubwa ya maji, kata juu pale inapoanza kubana, ile shingo igeuze kichwa chini uichomeke humo humo ili maji yasikauke haraka. Usipime kwa rula, manake kitako cha chupa kina mabonde, pima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Hesabu yake: milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye mita moja ya mraba, kwahiyo kama mdomo wa chupa pale ulipokata una upana wa sentimita 10, eneo lake ni kama sentimita za mraba 78.5, na kila mililita 7.85 utakayovuta ni milimita moja ya mvua. Chupa nyembamba zaidi piga upya hesabu, usikopi ya jirani. Soma saa tatu asubuhi kila siku, ndo saa wanayosoma vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Na usiiweke chini ya mwembe! Kama mti una mita 5 kaa mbali nao mita 10, hivyohivyo na mabati, la sivyo unapima maji ya paa.

Themomita iwe kivulini, mita moja na nusu hivi toka chini, hewa ipite, isigusane na ukuta. Ukiwa na mbili, moja izungushie pamba mbichi kwenye ile ncha. Maji yakikauka yanaipoza, kwahiyo hewa ikiwa kavu mbili zile zinapishana sana, na huku pwani wakati wa masika utaona zinakaribia kulingana, ndo ule unyevu unaofanya shati ligande mgongoni.

Upepo angalia bendera na minazi, na andika unakotoka, sio unakoenda. TMA wanapotoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ni ule ambao matawi makubwa yanayumba na mwavuli unakushinda kuushika. Wavuvi wa Sahare hawahitaji kuambiwa hilo.

Sasa presha ya hewa, hapa ndo utamu ulipo. Simu zingine zina sensa yake, unapakua programu tu unasoma kwa hektopaskali, wastani wa dunia usawa wa bahari ni 1013. Ila usishtuke ukiona saa nne asubuhi iko juu afu saa kumi jioni imeshuka 3 hivi, nchi za joto ndivyo inavyokwenda kila siku, inapanda tena saa nne usiku na kushuka alfajiri, hata siku ya jua kali. Kwahiyo linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, kulinganisha asubuhi na jioni ni kujitia presha wewe mwenyewe.

Haya, tonado. Kisulisuli cha vumbi kinaanzia chini, ardhi imechemka hewa inapanda inazunguka, wingu halihusiki. Tonado kubwa inatoka kwenye wingu la radi. Kule katikati ya Marekani hewa ya joto yenye unyevu toka Ghuba ya Mexico inakutana na hewa kavu ya magharibi, na upepo wa juu una kasi na mwelekeo tofauti na wa chini, basi hewa inajiviringisha ikiwa imelala kama mkeka uliokunjwa, hewa inayopanda inausimamisha, ukisimama ukazidi kubana ndo kasi inakuwa ya kutisha. Sisi karibu na ikweta ule upepo wa kupishana hivyo ni dhaifu, ndo maana habari zake huku ni nadra.

Na kuipima ni balaa. Juni 24, 2003, Tim Samaras, mtafiti wa tonado wa Marekani, alitega chombo njiani mwa tonado karibu na Manchester, South Dakota, kikarekodi presha imeshuka hektopaskali 100 chini ya dakika moja. Miaka kumi hivi baadae, huyohuyo aliuawa na tonado ya El Reno, Oklahoma, Mei 31, 2013, iliyokuwa na upana wa zaidi ya kilomita 4. Ndo maana wengi wanatumia rada kwa mbali, na daraja la nguvu yake, EF0 mpaka EF5, linatolewa baadae kwa kukagua nyumba na miti ilivyovunjika. EF5 inakadiriwa kuzidi kilomita 322 kwa saa.

Kwahiyo barometa yako, yaani hiyo sensa ya presha, haitakuonya tonado, ila kimbunga cha baharini itakuonya, kwasababu chenyewe kinasogea polepole. Vinafika ukanda wetu kwa nadra, Lindi kiliwapiga Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kiliingia Mafia Mei 2024. Andika wastani wako wa kila msimu, kusi presha inakaa juu kuliko kaskazi. Ikishuka 3 chini ya kawaida ya saa ileile anza kufuatilia matangazo ya TMA, ikishuka 5 ngalawa isitoke.