Umepata ajali na gari: fanya hivi palepale barabarani kabla hujajikuta unalipa kisichokuhusu

Wakuu, hii ni ya madereva wa Bongo, hasa wa magari binafsi na hawa ndugu zetu wa taxi za mtandaoni, mana wengi tunajua kuendesha ila siku bampa likigusa bampa watu wanachanganyikiwa, mmoja anashuka anatukana, mwingine anaomba msamaha hata kosa sio lake, wa tatu anakanyaga mafuta anapotea. Na zile dakika za mwanzo ndo zinaamua karibu kila kitu kinachokuja baadae, nani atalipa, bima itatoa au itakuzungusha, na kama kuna mtu kaumia basi wewe ukifika mahakamani utakuwa na cha kujitetea au utabaki unaapa tu.

La kwanza kabisa, simama. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ile ya mwaka 1973 na marekebisho yake, inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame, asaidie walioumia, atoe jina na taarifa za gari, na aripoti polisi. Haijasema asimame mwenye kosa, imesema aliyehusika, kwaiyo hata kama bodaboda kaja mwenyewe kwa kasi akajibamiza kwenye mlango wako umepaki, ukiondoka umetengeneza kosa jipya ambalo hukuwa nalo. Kukimbia kunamfanya hata hakimu mpole aanze kujiuliza huyu alikuwa anakimbia nini, alikunywa? hana leseni? gari sio lake?

Sasa najua mtasema, mkuu ukigonga bodaboda dakika tatu tu pikipiki zimeshajaa na mawe mkononi. Kweli, na hapo usijifanye shujaa. Ukiona watu wamepandisha hasira na maisha yako yapo hatarini, ondoka ila uelekeo uwe mmoja tu, kituo cha polisi cha karibu, sio nyumbani wala kwa shemeji ukatulie kwanza. Fika, sema nimepata ajali sehemu fulani, kuna majeruhi, naomba tusaidiwe wao na mimi, andikishwa upewe RB, yani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, alafu tunza ile namba na saa uliyofika. Dereva aliyekimbilia kituoni na dereva aliyekimbia ni watu wawili tofauti kabisa mbele ya sheria, na kinachowatofautisha ni ile saa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi.

Kama pametulia, zima injini, vuta hendibreki, washa hazadi, alafu weka pembetatu zako, moja nyuma moja mbele, na usiziweke hatua tano kutoka kwenye bampa kama mapambo. Kwa barabara ya mwendokasi mkubwa peleka angalau mita 50, na kama kuna kona au mlima nyuma yako ziende mpaka kabla ya kona, mana lori linaloshuka na mzigo halisimami kwa sababu wewe una haraka ya kupiga picha. Huna pembetatu kata majani, kila dereva wa barabara kuu akiona matawi lami anajua mbele kuna kitu. Ila ukishaondoka ondoa na uchafu wako, hasa mawe ya kuwekea tairi, haya mawe yanaachwa katikati ya lami usiku alafu pikipiki inayoyakuta saa nane za usiku haijui kama wewe ulikuwepo. Abiria wote watoke barabarani kabisa, wasikae nyuma ya gari wanaongea na simu.

Na kama kilichoanguka ni tanka la mafuta, habari za kusaidia kuchota sahau. Morogoro pale Msamvu tarehe 10 Agosti 2019 tanka lilianguka, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka na waliofariki walizidi 100. Sogea mbali, zuia wengine, piga 114 zimamoto na 112 polisi, basi.

Majeruhi. Hapa huruma yetu ndo inaua watu, mtu kalala chini wanne wanamkamata mikono na miguu wanamrusha nyuma ya kirikuu, kumbe shingo ilikuwa imepata ufa tu na sasa wameimaliza. Kama gari haliwaki moto na hakuna hatari nyingine inayokuja, mwache alivyo, mtu mmoja amshikilie kichwa kisicheze. Damu inayotoka sana igandamize kwa kitambaa safi, kwa nguvu, usifungue fungue kuchungulia. Kapoteza fahamu ila anapumua na hamna dalili ya kuumia shingo, mlaze kwa ubavu. Usimpe maji wala soda hata akiomba, anaweza akapelekwa chumba cha upasuaji muda mfupi baadae. Helmeti ya bodaboda usiivute, labda kama hapumui na huna namna nyingine. Na ile hadithi ya kwamba bila PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, hatibiwi isikucheleweshe, aliye hali mbaya anaenda hospitali moja kwa moja na PF3 inafuatiliwa kituoni wakati anahudumiwa. Ila ifuatilie kweli, mana baadae ile karatasi ndo inaonyesha majeraha yalitokana na ajali hii na yalikuwa makubwa kiasi gani.

Sasa simu. Kabla gari halijasogezwa, piga picha na sio za kupostia, za ushahidi. Anza kwa mbali, simama kama hatua ishirini upate magari yote mawili, mistari ya barabara, alama za pembeni na kitu ambacho hakihami, nguzo, duka, kituo cha daladala. Sogea, piga palipogusana kwa kila gari, alama za breki kwenye lami, vioo vilipodondokea (palipo na vioo vingi mara nyingi ndo palipogonganiwa, sio palipo gari sasa hivi), uelekeo wa matairi ya mbele, pleti namba, leseni ya mwenzako, namba za simu za mashahidi wawili watatu ambao sio abiria wako. Piga na vidio fupi huku unaizunguka sehemu yote bila kuongea. Nasema bila kuongea kwa sababu watu wanajirekodi wenyewe wanasema "daah sikumuona kabisa" alafu vidio hiyohiyo wanaipeleka kama ushahidi wao.

Na hilo ndo linanileta kwenye mdomo. Mpe mwenzako pole, mpe jina, namba, taarifa za bima, msaidie, hayo yote ni utu na mengine ni sheria. Ila usiseme "kosa langu", usiandike kikaratasi cha kukubali kosa, usitume meseji ya "ntakulipa kila kitu bro". Sababu ni mbili. Moja, palepale huna picha kamili, unaweza kuona umegonga kumbe na mwenzako hakuwa na taa za nyuma, au kaingia barabara kubwa bila kusimama, na mahakama zetu kwenye madai zinaweza kugawa lawama, huyu asilimia 70 huyu 30, wewe ukishabeba 100 kwa mdomo wako nani atakupunguzia? Pili, mikataba mingi ya bima ina kipengele kwamba mteja asikubali kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kuridhia, ukivunja umewapa sababu ya kukukatalia, na sababu wanazitafuta.

Pia usiende kupata moja moto moja baridi ya kutuliza mapigo ya moyo. Kiwango cha sheria ni miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu, na kipimo hakijui kama ulikunywa kabla ya ajali au baada.

Trafiki akifika atapima, atachora mchoro wa eneo la tukio. Kuwepo wakati anapima, ukiona kuna kitu kimeachwa, mfano alama za breki za mwenzako, mwonyeshe kwa adabu, "afande naomba na hii iingie". Gari zitakaguliwa na mkaguzi wa magari, breki, stelingi, matairi, taa, na hii ripoti ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, tairi lako likiandikwa limeisha kashata, yani limebaki kipara, basi hata kama mwenzako ndo kahama njia na wewe umeingia kwenye maelezo. Ukiambiwa uandike maelezo, andika ulichoona na kufanya, kasi yako, njia yako, taa zako, acha kukisia mwenzako alikuwa anawaza nini. Soma kabla ya kusaini. Ukiwekwa chini ya ulinzi una haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu, na dhamana ya polisi ni bure, hakuna hela ya dhamana mfukoni mwa mtu. Baadae fuatilia ripoti ya ajali, ile PF 90, kampuni ya bima haitagusa dai lako bila hiyo.

Yale ya "tuyamalize wenyewe" sipingi moja kwa moja. Saiti mira imevunjika, hakuna aliyeumia, wote wazima, mkaelewana elfu themanini yakaisha, sawa, foleni nayo inasubiri. Ila muandikiane, hata kwenye daftari, tarehe, namba za gari zote, kiasi, na maneno kwamba hakuna dai lingine litakalofuata, wote msaini na shahidi mmoja, na hela itumwe kwa simu ibaki na rekodi. Wapo wanaochukua elfu hamsini asubuhi jioni wanakuja na bili ya hospitali. Akiumia mtu, hata kama anasema "niko poa tu", hapo hapana, polisi lazima, mana maumivu ya kichwa ya kesho yake hayana RB.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba ajali moja inazaa kesi mbili. Kuna jinai, jamhuri dhidi ya dereva, kuendesha kizembe au kwa hatari, kusababisha majeraha au kifo, huko unatozwa faini, unafungwa, leseni inasimamishwa. Alafu kuna madai, aliyeumia au familia ya marehemu inadai fidia, gharama za matibabu, kipato kilichopotea, na muda wa kufungua dai la namna hii ni miaka mitatu. Kumaliza moja hakumalizi nyingine. Mtu anaambiwa kiri tu ulipe faini uondoke, anakiri, anaondoka anafurahi, mwaka wa pili analetewa wito wa madai na kiambatanisho cha kwanza ni hukumu yake ya kukiri. Hata ile faini ya papo kwa papo ya 30,000, ukiilipa kwa kosa la kuendesha bila uangalifu siku ya ajali, jua umekubali kosa. Kama huna kosa kataa, upelekwe mahakamani, ni haki yako.

Bima sasa. Ndogo, yani ya mtu wa tatu, kwa gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT, inalipa uliowaumiza au kuwaharibia, gari lako mwenyewe utajijua. Kubwa kwa gari binafsi inaanzia asilimia 3.5 ya thamani, gari la milioni 10 ni 350,000, na VAT inakuwa 413,000. Siku hizi stika ni za kielektroniki, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni uone kama kweli ipo hai, fanya leo, sio ukiwa umesimama na trafiki, kuna watu wameuziwa bima hewa na mawakala wa chini ya mti. Toa taarifa kwa kampuni mapema, kesho yake ikichelewa sana, na usipeleke gari gereji kabla hawajalikagua. Wanaofanya Bolt wanielewe hapa, ukikatia bima ya matumizi binafsi alafu unabeba abiria wa kulipa, dai lako lina shimo tayari. Hivyohivyo leseni iliyoisha, au kumpa kijana wa gereji gari lako akalijaribu. Kampuni inaweza kulazimika kumlipa aliyeumia alafu ikakugeukia wewe irudishiwe. Wakikuzungusha bila sababu kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi ipo kisheria kabisa, huhitaji kuanza na mahakama.

Na wamiliki msikae mkao wa "mi sikuwepo". Dereva wako akigonga akiwa kwenye kazi yako, aliyeumia anakudai na wewe, na kiukweli anakudai wewe zaidi mana ndo mwenye mali. Ajali ya basi la wanafunzi Rhotia kule Karatu, 6 Mei 2017, wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walifariki, dereva hayupo wa kushtakiwa, lakini mwenye shule alifikishwa mahakamani Arusha. Kwaiyo mkataba wa ajira wa dereva, leseni ya daraja sahihi, idadi ya abiria, bima, ukaguzi, ni vya kwako bosi, na mfanyakazi wako akiumia akiwa kazini fidia yake inapita WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ndo sababu ya kumchangia kule.

Mwisho nimalizie na wauzaji wa magari mkononi. Umeuza Vitz yako kwa mkataba wa wakili, hela umekula, kadi bado inasoma jina lako kwa sababu mnunuzi kasema "ntabadilisha mwezi ujao". Siku akigonga mtu akakimbia, namba ikiingizwa kwenye mfumo linatoka jina lako na polisi wanakuja kwako. Nendeni TRA pamoja mbadilishe umiliki siku hiyohiyo, na kama haiwezekani baki na kopi ya mkataba, kitambulisho chake, na risiti ya malipo yenye tarehe na saa ya kukabidhi funguo.