Kutafuta nafasi ya postdoki ukiwa Kampala

Postdoki ni kazi ya utafiti ya muda, baada ya kupata PhD. Anza kuitafuta mwaka mzima kabla ya kutetea tasnifu. Ukingoja uvae joho ndipo uanze, utakaa nyumbani miezi mingi ukisubiri majibu.

Hatua ya 1: Andika kazi unazozimudu kwa mikono yako. "Baiolojia ya molekuli" haitoshi. Mimi niliandika: kutoa RNA (molekuli ya taarifa za urithi) kwenye majani ya muhogo, kupima virusi kwa PCR (kipimo kinachonakili vinasaba), kuchambua data kwa programu ya takwimu ya R. Mkuu wa maabara anatafuta mtu wa kuziba pengo la kazi, vyeti atavitazama baadaye.

Hatua ya 2: Chagua maabara kumi tu. Tovuti ya EURAXESS ina matangazo mengi ya kazi za utafiti Ulaya. Usiipite Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, ukidhani postdoki ni lazima upande ndege.

Hatua ya 3: Barua pepe. Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Yangu ya kwanza ilisema: "Profesa mheshimiwa, mimi ni mtafiti mwenye bidii kutoka Uganda, naomba nafasi yoyote." Niliwatumia watu arobaini barua ileile. Hakuna aliyejibu, na ningekuwa wao nisingejibu pia. Baadaye nilisoma makala ya maabara moja kuhusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo, nikaandika hivi:

"Mlipima virusi kwenye majani. Shambani kwetu nimeng'oa mimea yenye majani safi kabisa, mizizi imeoza. Je, mmejaribu kupima mizizi ya mimea hiyohiyo? Sampuli ninazo, na kipimo nakiweza."

Jibu lilikuja kesho yake. Sentensi chache, swali moja la kweli, wasifu wa kurasa mbili. Kimya kikizidi wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha endelea na mwingine.

Hatua ya 4: Uliza habari ya pesa mapema. Kama maabara haina fungu, pendekeza muombe pamoja. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hauangalii uraia, ila usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi.

Hatua ya 5: Waombe wapendekezaji wako, yaani watakaokuandikia barua za kukupendekeza, ruhusa, uwape na tarehe. Msimamizi wako ana wanafunzi wengine, usimshtukize.

Hatua ya 6: Mahojiano. Mimi nilijua Berlin iko nyuma yetu kwa saa mbili. Nikaambiwa saa nne asubuhi ya kwao, nikajiandaa kwa saa sita yetu, tai shingoni. Kumbe wikiendi iliyopita, mwisho wa Machi, walikuwa wamesogeza saa zao mbele. Nilipoingia mtandaoni, walishanisubiri saa nzima. Siku hizi naandika saa ya kwao na ya kwetu kwenye karatasi, nabandika juu ya skrini. Na betri ya kompyuta naijaza tangu usiku, maana umeme nao una ratiba yake.