Makocha watatu, GS mmoja: namna ya kumsaidia binti anayefundishwa huku hivi na kule vile

Timu ya netiboli ina wachezaji saba, lakini wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS (mfungaji mkuu) na GA (mfungaji msaidizi). Ndiyo maana mama wa mlinzi hukaa kwa raha zake pembeni ya uwanja, na mama wa GS hana raha. Mpira ukigonga pete ukatoka nje, kila mtu anakuwa kocha. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mlango Mmoja hapa Mwanza, na binti yangu wa darasa la sita ni GS. Ana mwalimu wa michezo shuleni kwao Mabatini, ana kocha wa timu ya mtaani upande wa Kirumba, na ana shangazi yake aliyecheza enzi zake na hachoki kutukumbusha. Wa nne ni simu. Nawaandikia tunavyofanya sisi, atakayeona kinamfaa achukue.

Usimwulize mtoto nani yuko sahihi. Atakutajia anayempenda, au anayemwogopa. Mwulize hivi: "Mwalimu alipokuambia hivyo, alikuwa anataka kurekebisha nini?" Mara nyingi utakuta makocha hawapingani hata kidogo, kila mmoja anarekebisha kosa aliloliona yeye, kwenye uwanja wake.

Kwetu mvutano mkubwa ulikuwa juu ya kimo cha mpira hewani. Mwalimu anasema, "Upandishe, ushuke wenyewe kwenye pete." Kocha wa Kirumba anasema, "Usiurushe juu hivyo, unyooshe." Mtoto akawa anapiga ya katikati, si ya mwalimu wala si ya kocha, na haifungi popote.

Nikachukua futi kamba yangu. Pete ya netiboli ina upana wa sentimita 38 kwa ndani, na inakaa mita 3.05 kutoka chini. Mpira namba 5 una mzunguko wa sentimita 69 hadi 71, kwa hiyo upana wake ni kama 22 na kidogo. Nawe jaribu: kata tundu la duara la sentimita 38 kwenye boksi kuukuu, ulishike boksi likiwa limelala jinsi pete inavyolala. Litazame kutoka juu, utaona tundu lote. Sasa shusha kichwa taratibu mpaka macho yakaribie usawa wa boksi. Tundu linazidi kuwa jembamba. Mpira unaoshuka kwa mshazari wa nyuzi 45 unakuta nafasi ya kama sentimita 27. Unaokuja kwa nyuzi 30 unakuta 19 tu, na wenyewe una 22! Huo hauwezi kupita bila kugonga chuma. Binti alilitazama boksi hilo juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akalipandisha na kulishusha mwenyewe, akasema, "Kumbe."

Basi mwalimu ndiye mwenye haki? Ngoja kwanza. Nilikwenda Kirumba jioni kutazama mazoezi. Uwanja ule uko wazi, na kuanzia mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa kuwa ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Mpira ukikawia hewani unasukumwa kando. Shuleni kwao uwanja umezibwa na mawe na majengo, na wanafanya mazoezi asubuhi, wakati kumetulia. Kocha wa Kirumba hakuwa anabuni, alikuwa anafundisha upepo wake. Tulichokubaliana ni hiki: mpira wa kupanda ndio msingi, na siku ya upepo asogee karibu na nguzo kabla ya kupiga, asiulaze mpira. Niliwafikishia wote wawili na hakuna aliyekataa.

Hapo kwenye kufikisha ndipo wazazi wengi tunapoharibu. Usimtume mtoto. "Kocha wa kule amesema unakosea" ikitoka kinywani mwa mtoto wa darasa la sita ni utovu wa adabu, hata kama ni kweli tupu. Nenda mwenyewe, au andika ujumbe. Wangu ulikuwa hivi: "Shikamoo mwalimu. Binti anaendelea vizuri, tunashukuru sana kwa kazi yako. Huko mtaani anafundishwa kupiga mpira wa chini kidogo kwa sababu ya upepo. Naomba utuelekeze, kwa mashindano haya ashike lipi?" Unamwomba aamue, humhukumu. Mtu akiombwa hivyo hulegea, na mara nyingine yeye ndiye anayekuomba namba ya mwenzake.

Kuhusu nani awe na neno la mwisho, sheria yetu ni fupi: mwenye mechi inayofuata. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ikikaribia, ni mwalimu wa shule. Mashindano yakiisha yakaja mabonanza ya mtaani, ni kocha wa mtaa. Zikibaki wiki mbili kabla ya mashindano, habadilishi mkono wala hatua, hata ushauri uwe mzuri namna gani. Uandike, ungoje.

Ushauri mwingine unapimika. Shangazi anataka arudi hatua moja nyuma kabla ya kupiga, mwalimu anataka asimame imara. Kwa sheria, mlinzi anakaa angalau sentimita 90 kutoka mguu wa mfungaji uliotua, ila ana ruhusa ya kunyoosha mikono, na mfungaji ana sekunde 3 tu za kukaa na mpira. Kurudi nyuma kunasaidia kweli mbele ya mlinzi mrefu, na kunaharibu kila kitu kama mtoto anayumba. Weka alama tatu za chaki ndani ya duara la kufungia, apige kumi akiwa amesimama na kumi akirudi nyuma, huku mtu amemnyooshea mikono. Andika kwenye daftari, rudieni siku nyingine akiwa amechoka. Usiamini siku moja.

Simu nayo ina yake. Binti anapenda kuwatazama wafungaji Peace Proscovia wa Uganda na Mwai Kumwenda wa Malawi, na mimi pia nawapenda. Lakini Proscovia ana urefu unaozidi mita 1.9, anadaka mpira juu ambako mlinzi hafiki. Kwa wakubwa hao ajifunze kukaa nafasi na kumweka mlinzi mgongoni. Namna ya kupiga amsikilize mwalimu anayemwona.

Maumivu hayana mjadala. Watoto wanaokua haraka na kuruka sana hupata maumivu kwenye nundu ya mfupa chini ya goti. Mmoja akisema "kaza" na mwingine "pumzika", anapumzika, na yakiendelea nenda naye hospitali. Na ukimwona anausukuma mpira kutoka kifuani, huenda mkono hauna tatizo, mpira ndio mkubwa kwake. Omba namba 4 kwa mazoezi.

Mtoto mwenyewe mpe maneno ya kusema, maana hutakuwepo kila siku: "Sawa mwalimu. Kule nimeelekezwa hivi, leo nifanye ipi?" Ayaseme wakati wa kunywa maji, asiyaseme katikati ya zoezi mbele ya wenzake.

Wanabaki wapiga kelele wa pembeni. Wengi ni wa kuitikia "asante" na kusonga mbele. Shangazi huwezi kumwitikia hivyo, ni dada wa baba mtu. Sisi tumempa kazi: anasimama chini ya pete, ananyoosha mikono kama mlinzi, na mipira inayotoka anaifukuza yeye. Akishaifukuza mara kadhaa anakuwa anahema, na ushauri unapungua.