Kusokota nyuzi nano zinazotunza joto: selulosi asetati na PEG

Nimemsaidia mwanafunzi mmoja kwa siku mbili kusokota nyuzi hizi nyembamba mno kwa umeme, nikaona niandike asije kuniuliza tena. PEG (polietilini glikoli) ikiyeyuka hufyonza joto, ikiganda hulirudisha. Selulosi asetati (plastiki itokanayo na selulosi ya mimea) haiyeyuki kwenye joto hilo, hivyo huishikilia isimwagike.

1. Chagua PEG kwa namba yake, yaani uzito wa molekuli. PEG 600 huyeyuka karibu digrii 20, 1000 kati ya 37 na 40, 4000 hupita 50. Kwa nguo nachukua 1000. Anayejifunza aanze na 4000: haivuji ovyo.

2. Changanya asetoni sehemu 2 na dimethilasetamidi sehemu 1. Kwa kila mililita 10 weka gramu 1.5 za selulosi asetati na gramu 1 ya PEG. Koroga usiku kucha, chupa ikiwa imefungwa. Dimethilasetamidi hudhuru ini: vaa glavu, fanyia kazi kwenye kabati la kuvuta hewa.

3. Tia mchanganyiko kwenye bomba la sindano; volteji kubwa huuvuta kutoka nchani uwe nyuzi, zinazotua kwenye kikusanyio. Sindano ya geji 21, kilovolti 15, umbali wa sentimita 15 hadi kikusanyio, mchanganyiko utoke mililita 1 kwa saa. Kikusanyio ni karatasi ya alumini.

4. Unyevu wa hewa. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima ya masika, Dar es Salaam. Asetoni ikikauka haraka hupoza tone lililo nchani mwa sindano, maji ya hewani yanatua juu yake, na selulosi asetati haipatani na maji: inaganda kama utando wa uji, sindano inaziba. Nikadhani nguvu ni ndogo, nikaongeza volteji. Kosa! Ikaanza kurusha matone. Nunua kipima unyevu cha bei rahisi, uanze kazi unyevu ukiwa chini ya asilimia 50. Kiyoyozi husaidia, ila upepo wake usipige nyuzi. Silika jeli (punje za kufyonza unyevu) ndani ya boksi la kusokotea pia inafaa, lakini usilizibe kabisa: mvuke wa asetoni na cheche moja, umekwisha. Bado inaziba? Punguza asetoni hadi sehemu 1 kwa 1, sogeza kikusanyio hadi sentimita 18. Ukitaka kufuta ncha, zima umeme kwanza, kisha gusisha sindano na waya wa ardhi. Usifute umeme ukiwa umewashwa, hata kwa kijiti.

5. Kausha nyuzi usiku mmoja. Pima uzito, weka juu ya karatasi ya chujio kwenye digrii 60 kwa saa moja, pima tena. Doa la mafuta kwenye karatasi maana yake PEG imezidi. Punguza hadi gramu 0.7. Na usizifue: PEG huyeyuka majini.