Jinsi ya Kueleza Kitabu Ulichokimaliza na Kile Unachokisubiri

Katika baraza letu la wasomaji hapa Mikindani, mkoani Mtwara, ambalo hukutana jioni ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, neno lililotuharibia mazungumzo kuliko mengine yote ni neno "kizuri". Mtu huulizwa amesoma nini, akataja kitabu, akasema ni kizuri, kisha akanyamaza, na wenzake wakabaki na vikombe vyao vya kahawa mkononi bila kujua wamwulize nini zaidi. Mwongozo huu unamhusu msomaji wa namna hiyo, yaani mtu aliyesoma kwa kujiburudisha na wala si kwa mtihani, anayetaka kuwaeleza wenzake alichokiona katika kitabu alichokimaliza karibuni, na pia anachokitarajia katika kitabu ambacho bado hakijamfikia.

Kazi huanza ukiwa bado unasoma. Weka kipande cha karatasi ndani ya kitabu na kalamu karibu nawe. Mimi hutumia tiketi za basi zilizokwisha kazi, na mwenzetu mmoja ambaye ni mkulima wa korosho hutumia migongo ya karatasi za mnada wa msimu uliopita. Kila unapojikuta umesimama, iwe ni kwa kucheka, kwa kukasirika au kwa kutoelewa, andika namba ya ukurasa na maneno machache ya kukukumbusha kilichokusimamisha. Usiandike muhtasari wa sura, kwa sababu muhtasari hukuambia kitabu kilisema nini na kukusahaulisha kilikufanya nini. Katika karatasi yangu ya riwaya ya mwisho niliyoisoma, mstari ulionifaa kuliko yote ulikuwa huu: "Mtoto bado hajui kwamba yeye ndiye deni." Alama nne au tano kwa kitabu kizima zinatosha, aliyejaza karatasi pande zote mbili atawasomea wenzake karatasi badala ya kuzungumza nao.

Ukifika barazani, anza kwa kukitambulisha kitabu kama unavyomtambulisha mgeni: jina lake, ametoka wapi, na shida iliyomleta. Kwa mfano, riwaya hiyo yangu inaitwa Peponi. Ni tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, kutokana na riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Na Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Habari yenyewe ni ya Yusuf, mvulana anayeondoka nyumbani na tajiri anayemdhania kuwa ndugu wa familia, kumbe amewekwa rehani kwa ajili ya deni la baba yake. Anafanya kazi dukani pwani, kisha anaingia katika msafara wa biashara unaokwenda bara, wakati ambapo Wajerumani wanaanza kuishika nchi. Hapo ndipo pa kusimama. Msikilizaji amekwisha kujua mtu, mahali na shida, na yaliyobaki ni haki yake kuyakuta mwenyewe.

Watu wengi wanajua kwamba si uungwana kumwaga mwisho wa hadithi mbele ya ambao hawajaisoma, lakini wachache wanajua mpaka uko wapi. Sisi tumekubaliana kwamba msemaji asivuke theluthi ya kwanza ya kitabu mpaka aulize kama kuna ambaye hajasoma. Kanuni hiyo ina vighairi, na kighairi kikubwa kwetu watu wa kusini ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliyochapishwa mwaka 1969. Hakuna mtu wa Lindi wala Mtwara wa kufichiwa namna Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilivyokwisha, wala kwamba dawa ya maji waliyopewa wapiganaji haikugeuza risasi za Wajerumani. Kwa hiyo ukiieleza tamthilia hiyo usipoteze muda kuulinda mwisho. Zungumzia kinachompata mtu pale ambapo neno alilolitamka mwenyewe linapokua mpaka likamzidi kimo.

Ngoja nikae kidogo hapo, maana kitabu hicho ndicho kilichotufundisha namna ya kutofautiana. Msemaji wetu, kijana wa chuo, alikuwa akieleza jinsi Kinjeketile, yule mtoa dawa ya maji, anavyoingiwa na shaka juu ya ujumbe wake mwenyewe, ndipo mzee mmoja ambaye ukoo wake umetoka Umatumbini akasema kwamba babu zake hawakumsimulia mtu mwenye shaka hata chembe. Kijana alitaka kubisha. Mwalimu mstaafu aliyekuwa karibu naye alimshika bega, kisha akasema, "Mzee, hapa tuna watu wawili. Yupo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye habari zake mnazo ninyi, na yupo Kinjeketile wa jukwaani, ambaye mwandishi mwenyewe ameeleza kuwa ni wa kubuni. Tunaomba wa kwanza utusimulie wewe, na wa pili tumwache kijana amalize." Mzee alikubali, kijana alimaliza, na simulizi ya mzee ilituweka pale mpaka adhana ya isha. Chukua fundisho la kiutendaji hapo: mabishano juu ya kitabu yakichemka, kwanza uliza kama wabishani wanazungumzia kitu kimoja.

Sasa tuje kwenye maoni yenyewe, ambayo ndiyo sehemu ngumu. Kuna "sikukipenda" na kuna "hakikuandikwa vizuri", na kauli hizi mbili haziwezi kubadilishana nafasi. Ya kwanza ni habari yako wewe, nayo haihitaji ushahidi; ya pili ni shutuma juu ya kazi ya mtu mwingine, kwa hiyo inadai ukurasa. Nilipozungumzia Peponi nilikiri kwamba sehemu za safari ya bara zilinichosha. Nilipojiuliza kwa nini, niligundua kwamba nilikuwa nimekwisha kulizoea duka, na mazungumzo ya Yusuf na Khalil, na ile bustani iliyozungushiwa ukuta, hivyo kila siku ya msafara niliiona kama siku ya kunyimwa kurudi nyumbani. Niliposema hivyo, dada mmoja anayeuza pweza sokoni alijibu kwamba huenda ndivyo mvulana mwenyewe alivyojisikia. Mpaka leo sina hakika kama mwandishi alikusudia hivyo, lakini maoni yangu yaliyokuwa malalamiko yaligeuka kuwa swali, jambo ambalo lisingetokea kama ningesema tu kwamba katikati panachosha.

Njia ninayopendekeza ni kuandaa sentensi mbili kabla ya kutoka nyumbani, moja ya kilichokushika na moja ya kilichokukwaza, na kila moja iwe na sababu ndani yake. Ukishindwa kupata sababu, sema wazi kwamba hujaipata. Wenzako watakusaidia kuitafuta, na huo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo kuliko hukumu iliyokwisha kupikwa.

Ukiwa na kitabu chenyewe, chagua nusu ukurasa ukausome kwa sauti. Usichague tukio kubwa. Chagua mahali ambapo lugha inafanya kazi yake kimyakimya, kama vile watu wawili wanapojadiliana bei huku wakifichana jambo jingine. Jisomee mara mbili nyumbani ili usijikwae, na ukikuta neno la Kiunguja ambalo huku kwetu halisemwi, lieleze kabla ya kuanza, usikatishe katikati.

Kuhusu adabu sina mengi. Anayekuzidi umri umwombe ruhusa kwanza: "Mzee, niwie radhi, mimi nimeisoma kwa namna nyingine." Kwa hirimu yako "njomba", yaani mjomba, inatosha, na huku kusini neno hilo limekwisha kuzima ugomvi mwingi. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa wadogo. Binti wa kidato cha pili akisema mhusika fulani ni mpumbavu, mwulize ni wapi alipouona upumbavu huo, kwa sababu akichekwa mara moja hatarudi.

Usidanganye juu ya unachokisoma. Nimewasikia watu wazima wakitaja vitabu vizito ambavyo hawajavifungua, ilhali usiku walikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao sisi wa rika langu tuliwasoma tumeinamia chini ya dawati. Riwaya ya upelelezi ina maswali yake yanayoistahili: ulimshuku nani kwanza, ni ukurasa gani uliokubadilisha mawazo, na je, dalili zilikuwepo au mwandishi alizileta mwishoni kama mtu anayetoa karata mkononi? Riwaya ya mapenzi nayo uiulize kama wapenzi wale wanazuiwa na jambo la kweli au na kutoelewana ambako kungekwisha kwa dakika moja ya mazungumzo. Hata hadithi zinazotumwa sehemu kwa sehemu kwenye simu zinafaa kuelezwa, mradi useme kwamba bado haijaisha, usije ukaisifu leo na kesho ikakuangusha.

Nusu ya pili ya jioni zetu huwa ya vitabu tunavyovisubiri, na hapa ulimi huteleza zaidi. Tenganisha vitenzi viwili, "ninatamani" na "ninasubiri". Riwaya ya Gurnah iitwayo Theft ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2025. Nikisema ninatamani kuisoma kwa Kiswahili, nimesema haja yangu, na hakuna wa kunidai. Nikisema inatoka kwa Kiswahili mwezi fulani, nimetoa habari, na habari hudaiwa ilikotoka: je, ni mchapishaji aliyetangaza, ni mwandishi aliyesema, au ni mtu aliyesikia kwa mtu? Kabla ya kukitangaza kitabu kijacho, thibitisha walau jina la mwandishi, mchapishaji na lugha, na tarehe uitaje ikiwa tu imetolewa na mmoja wa wahusika.

Mahali pazuri pa kutegea sikio ni tuzo za uandishi, kama vile Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu na ile inayoitwa sasa Safal-Cornell, ambayo zamani ilijulikana kwa jina la Mabati-Cornell. Tuzo hizi hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo jina la mshindi laweza kutangulia kitabu chake dukani kwa muda mrefu. Ukimleta mwandishi wa namna hiyo barazani, usisifu kitabu ambacho hakuna aliyekishika. Eleza unachotumaini na msingi wa tumaini lako: kazi yake iliyotangulia, mada aliyoichagua, au mahali anapotoka. Kisha uandike tumaini hilo kwenye daftari, kwa sababu kitabu kitakapofika mtataka kujua kama kilitimiza ahadi au ninyi ndio mliokuwa mkiota.

Matamanio ambayo hayana tangazo lolote nayo yana nafasi yake, yakiwekwa upande wake. La kwangu ni riwaya ya mpango wa karanga wa Nachingwea, yale mashamba makubwa ya serikali ya Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika 1951, ambao ulituachia bandari ya Mtwara na njia ya reli iliyokuja kung'olewa. Nataka mhusika awe kibarua wa kutandika mataruma ya reli na wala si bwana mkubwa wa kiingereza, na nataka nione alifanya nini asubuhi ile alipoambiwa kazi imekwisha. Wenzangu wamekwisha kuchoka kunisikia, lakini kijana mmoja ameanza kumhoji bibi yake wa Nachingwea, kwa hiyo sitanyamaza.

Limebaki jambo la nakala. Vitabu vyetu vingi hutoka Dar es Salaam kwa vifurushi vya basi, na baraza zima hugawana nakala moja. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga wilayani Kilwa, kifurushi chetu kilibaki ng'ambo ya pili, na kikao kikafanyika bila mtu hata mmoja kuwa amesoma. Tulikitumia kueleza kila mtu alitarajia nini katika kitabu kile, na baadaye tukaona kwamba kilikuwa miongoni mwa vikao vyetu bora. Panga zamu mapema, kila mtu siku kumi, na usimpe zamu mkulima wa korosho kati ya Oktoba na Desemba, maana kitabu kitalala ghalani pamoja na magunia. Andika kwenye daftari nani amekichukua, tarehe gani, na kilikuwa na hali gani. Nakala yetu ya Peponi imerudi wiki iliyopita ikiwa na duara la kikombe cha chai kwenye jalada, na waliopo kwenye daftari ni wanne, wote wanasema wao hunywa kahawa.