Panya Shamba Adhibitiwe Kabla Mbegu Haijaingia Ardhini

Ukikuta asubuhi vishimo vidogo vimefuatana kwenye mstari wa mahindi uliyopanda juzi, na kando ya kila kishimo kuna ganda la punje na chengachenga, ujue panya kapita usiku. Hufukua shimo la kwanza, akala mbegu, kisha akaufuata mstari uleule mpaka ashibe. Wakulima wengi asubuhi hiyohiyo hukimbilia duka la pembejeo kununua sumu. Fedha hiyo huwa imechelewa. Kazi ya kumdhibiti panya wa shambani inatakiwa ianze wiki kadhaa kabla ya kupanda, na ifanywe na kitongoji kizima kwa wakati mmoja.

Msingi wa ushauri huu ni utafiti wa miaka mingi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Watu wengi wanakifahamu chuo hicho kwa panya buku wa shirika la APOPO, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alikwenda kufanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Sifa hiyo ni ya haki kabisa. Lakini kwa mkulima, utafiti wenye faida kubwa zaidi ni ule wa panya mdogo ambaye hapigwi picha: panya shamba, ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis.

Watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walitenga eneo la hekta 3 pale Morogoro na kulipanga mitego 300 isiyoua, mmoja kila baada ya mita 10. Chambo chake ni siagi ya karanga iliyochanganywa na mahindi yaliyosagwa. Kila mwezi mitego hutegwa kwa usiku tatu mfululizo. Panya aliyenaswa hupimwa uzito, hukaguliwa kama ni jike mwenye mimba, huwekewa alama kisha huachiwa arudi alikotoka, ili akinaswa tena mwezi ujao ijulikane amekua kiasi gani na kama amezaa. Ni kazi ya subira, imeendelea tangu miaka ya 1990, na ndiyo iliyotufumbua macho kuhusu mvua.

Panya shamba huzaa kwa kufuata mvua. Kwenye maeneo yenye vuli na masika kama Morogoro, majike huanza kubeba mimba masika yanapokolea, majani mabichi na mbegu za nyasi zikiwa tele, na huendelea kuzaa hadi kiangazi kinapokaza. Mimba huchukua takriban siku 23. Mzao mmoja huwa na watoto kumi au zaidi, na jike anaweza kuwa na chuchu hadi 24 za kuwanyonyesha. Ndiyo maana idadi yao hufika kileleni kuelekea mwisho wa mwaka, kisha hushuka wengi wakifa kwa njaa na kuliwa.

Sasa zingatia hili: vuli ikinyesha kwa wingi, panya hawasubiri masika. Huanza kuzaa mapema, mwanzoni mwa mwaka, watoto wao wakakomaa na kuzaa ndani ya msimu uleule, na mlipuko ukafuata. Katika mwaka wa kawaida, panya nchini mwetu hukadiriwa kuharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi. Mwaka wa mlipuko, shamba linaweza kupoteza zaidi ya asilimia 80 ya miche. Kwa hiyo mkulima aliyeona vuli nzuri ana sababu ya kufurahi, na pia ana sababu ya kuandaa mitego mapema.

Anza na vichaka. Panya hapendi kutembea mahali peupe kwa sababu bundi na mwewe wanamwona. Fyeka mipaka, pori lililobaki katikati ya mashamba, na kingo za mifereji. Mabua ya msimu uliopita yasirundikwe shambani, maana rundo la mabua ni nyumba. Tafiti za Morogoro zilionyesha kuwa mashamba yaliyolimwa kwa trekta yalikuwa na panya wachache kuliko yaliyofyekwa na kuchomwa tu, kwa kuwa jembe linavuruga mashimo na kuondoa maficho. Wanaofanya kilimo hifadhi na kuacha matandazo wasiyatupe kwa ajili hii, kwani yanatunza unyevu. Ila wao ndio wanaopaswa kuwa wakali zaidi kwenye kufyeka mipaka na kutega.

Kutega ndiko ninakokusisitiza kuliko vyote. Tegeni nyumba zote, kila usiku, kiangazi panya wanapojibanza karibu na makazi na ghala. Mtego wa kubana uwekwe ukigusa ukuta, upande wenye chambo ukitazama ukutani, maana panya hupita pembezoni. Nyumba moja ikitega na jirani asitege, nafasi za waliokufa hujazwa na wageni katika wiki chache. Hili limeonekana hata kwenye mashamba yaliyowekewa sumu: panya wa pembeni huhamia. Mwenyekiti wa kitongoji akilisimamia suala hili kama anavyosimamia usafi wa visima, matokeo yanaonekana.

Pandeni kwa pamoja pia. Ekari moja ya mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ina mashimo kama 18,000. Shamba lililopandwa peke yake linawalisha panya wa bonde zima. Yakipandwa mashamba yote ndani ya wiki mbili, uharibifu unagawanyika. Hatari kubwa ni tangu siku ya kupanda hadi mche ufikie majani matatu hivi. Kagua kila asubuhi katika kipindi hicho na urudishie mapengo mara moja, maana mche uliorudishiwa wiki tatu baadaye utafunikwa na wenzake.

Kwenye skimu za mpunga mambo ni magumu zaidi. Utafiti uliofanyika Hembeti, wilayani Mvomero, ulionyesha panya wakizaa hata kiangazi, kwa sababu umwagiliaji unawapa chakula misimu miwili. Huko jengeni matuta membamba, yasiyozidi sentimita 30, ili panya wakose pa kuchimba, na kamati ya skimu ipange tarehe moja ya kupanda.

Sumu ibaki kwa mwaka wa mlipuko, na itumike kabla ya kupanda kwa mpango wa kijiji chini ya afisa ugani. Zinki fosfaidi, mojawapo ya sumu za panya, hutoa gesi ya sumu ikikutana na asidi tumboni, na panya aliyeonja kidogo akapona haigusi tena. Kwa hiyo weka kwanza chambo kisicho na sumu kwa siku kadhaa, wazoee kula. Chambo chenye sumu kiwekwe ndani ya mashimo au mahali kuku, mbwa na watoto hawafiki, na mizoga ikusanywe na kufukiwa. Usinunue vipakiti visivyo na lebo vinavyouzwa mnadani, wala usichanganye viuatilifu vya shambani na unga. Bundi naye aachwe. Naelewa hofu iliyopo kumhusu katika vijiji vyetu, lakini ndege huyo anakula panya usiku kucha, na kumuua ni kuwasaidia panya.

Mkono ulioshika panya unahitaji kinga. Mwaka 2022 homa ya mgunda iliua watu mkoani Lindi. Ugonjwa huo hutokana na vimelea vilivyomo kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia kupitia michubuko na maji yaliyochafuliwa. Vaa buti majarubani, tumia glavu au hata mfuko wa nailoni kuondoa panya mtegoni, nawa kwa sabuni, na ukipata homa kali mwambie daktari kuwa unafanya kazi kwenye maji au umeshika panya.

Watafiti wa SUA hushiriki maonyesho ya Nane Nane mjini Morogoro kila Agosti. Nenda na maswali yako kuhusu panya wa kijiji chako, nenda na mwenyekiti wako kama unaweza. Agosti bado kuna muda wa kufyeka na kutega kabla ya mbegu za vuli.